Glavu za wageni

Leo nimeshukuriwa mbele za watu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni karani wa stoo kwenye mradi wa kuchimba mtaro wa maji huku Kiseke.

Asubuhi alikuja Mzee Masanja, anayefunga mabomba kwenye kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, ili yashushwe mtaroni. Aliomba glavu.

Zipo. Mpya kabisa.

Lakini msimamizi aliagiza zisiguswe mpaka wakaguzi waje kesho, wazikute safi. Nikaogopa kumpinga.

"Vumilia mpaka kesho, baba."

"Karani, hizo glavu unazifuga? Zikizaa utuite!"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Haikupita hata saa moja. Bomba likiwa juu lilianza kuzunguka, mzee akaushika waya wa kunyanyulia ili alitulize. Waya wenyewe umechakaa, nyuzi zimechomoza. Ukamchana kiganja chote.

Nilimfunga kwa shati langu, nikamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari anasema kidole kimoja huenda kisikunjike tena.

Mkewe alipofika, mzee akamwambia, "Huyu ndiye kaniokoa. Kijana ana utu huyu."

Mama akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, mwanangu."

Unajua nilijibu nini?

"Amina, mama."

Amina! Mimi!

Sasa nimejibanza nje ya wodi, naandika haya. Mzee ananiita, anataka nimshikie kikombe anywe chai.

Jamani, naanzaje kumwambia kwamba glavu nilimnyima ili tu wakaguzi wazikute safi?