Fundi wa Nyuso Zinazong'aa

Ukitaka kumnyamazisha Fortunatus, mwambie video zake za siku hizi zina giza. Hatakujibu. Atainamia kamera yake kana kwamba hujasema kitu, nawe utabaki mlangoni hujui uingie au uende zako. Mimi namwambia karibu kila wiki, kwa sababu studio yake na saluni yangu zinagawana ukuta mmoja hapa Mabwerebwere, na wateja wakimkimbia yeye, mimi nami siwaoni. Nikishamwambia huwa najuta kidogo, maana sababu ya giza lile naijua.

Zamani hakuwa hivyo. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa fundi video wa Kilosa, na sifa yake ilikuwa moja tu: nyuso. Alirekodi harusi kwenye kumbi zenye taa mbili, alirekodi misiba kwenye nyumba za kijijini Zombo zisizo na umeme, na kila uso ulitoka unang'aa kama umepakwa mafuta. Watu walimpendea hilo. Mtu akilipia video anataka ajione, shangazi zake wajione, na aliyeleta vitenge aonekane akileta vitenge. Nani anahangaika na kingine?

Siri yake aliwahi kunieleza, tena kwa maringo. Alisema video haitembei hata kidogo. Ni picha mgando zinazopishana haraka mpaka jicho linadanganyika. Kamera ikiwa kwenye hali ya kawaida hupiga picha ishirini na tano kwa sekunde moja. Yeye akiingia penye giza alikuwa anazishusha hadi kumi na mbili, ili kila picha ikae wazi muda mrefu na kunywa mwanga wa kutosha.

"Picha chache, mwanga mwingi, mama Ashrafu," aliniambia.

Nikamuuliza, na wanaocheza je? Kwenye harusi ya mpwa wangu nilishaona watu wanatoka hapa na kutokea pale bila kupita katikati, na mikono yao imekuwa ukungu mtupu. Akacheka, akasema anayecheza haangaliwi mikono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu tulimsifu kupita kiasi.

Sasa nije kwa Devota. Huyu nilimsuka tangu akiwa msichana, alipokuwa akiuza duka la vyombo hapa Kilosa, kabla hajaolewa Mikumi. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Magreti, alikuwa mkulima wa milimani, Vidunda, naye alizaliwa kiziwi. Shule ya viziwi hakuiona, wala shule nyingine yoyote, kwa hiyo hata lugha ya alama inayofundishwa huko hakuijua. Alikuwa na alama zake mwenyewe, alizozitunga shambani na jikoni. Majirani walijua ile ya chakula, ya maji, ya maumivu. Aliyezijua zote alikuwa mtu mmoja tu duniani, naye ni mtoto wake huyo wa pekee.

Kila aliyekuwa karibu na Magreti alipewa jina la mkono. La Devota lilikuwa vidole viwili juu ya nyusi ya kushoto, pale alipopasuka akiwa mdogo, siku alipoanguka kisimani.

"Devota ni la ubatizo," aliniambia siku moja nikimsuka. "Mama hajawahi kulisikia. Jina langu mimi ni hili." Akajigusa nyusi.

Alipoolewa, mimba mbili ziliharibika. Ya tatu iliposhika, kliniki walimwambia alale, asiinue ndoo, na asisafiri. Na balaa haliji peke yake: wakati huohuo mama yake akashikwa na kifua huko Vidunda, akawa mtu wa kitandani. Devota alijaribu kumpigia simu ya video kupitia kwa Tumwagile, jirani aliyekuwa akimuuguza mama, lakini kule mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Picha iliganda, mikono ikaganda, na mazungumzo ya mama huyu yote yalikuwa mikononi.

Akamkumbuka Fortunatus. Huyu ndiye aliyerekodi sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na katika video ile Magreti alionekana akimuusia bintiye kwa mikono, kila kidole mahali pake. Sherehe ile ilikuwa uwanjani, jua la mchana, wala hapakuwa na haja ya kupunguza picha. Devota angejuaje hayo? Alichojua ni kwamba fundi ni mzuri.

"Kaka Fortu, mama anaongea kwa mikono," alimwambia kwenye simu. "Nataka ampe mtoto jina la mkono kabla hajazaliwa. Mrekodi vizuri, uniletee." Kisha akajirekodi mwenyewe kwa simu, ameketi karibu na dirisha, akimwomba mama yake hilo jina, na akamtumia Fortunatus akamwonyeshe.

Fortunatus alikwenda. Hilo simnyimi. Alipanda gari hadi Mikumi, akashika njia ya Ifakara, akachukua bodaboda kupanda mlima mpaka pale pikipiki ilipokataa, akamalizia kwa miguu na mkoba wa kamera mgongoni. Alikuta ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Magreti alikuwa amelala kwenye chumba chenye dirisha dogo. Kwanza alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi kichwa, akakunja ngumi, akaiweka kwenye jicho moja na kulifumba la pili.

"Keshakupa jina," Tumwagile akamwambia, na wote wakacheka.

Tumwagile akataka kuita vijana wawili wa jirani wamtoe mama barazani, kwenye mwanga. Fortunatus akamzuia.

"Mwacheni mama apumzike. Kamera hii inaona hata gizani."

Alisema kwa huruma, lakini na sifa zilikuwemo. Akashusha picha hadi kumi na mbili. Tumwagile akaenda jikoni kuangalia uji. Magreti akaonyeshwa simu, akamtazama binti yake, akataka irudiwe, akamtazama tena. Akajifuta macho kwa kanga, akaanza kusema. Fortunatus alitazama kioo kidogo cha kamera na kufurahi, maana uso wa mama ulitoka vizuri mno, makunyanzi yote, macho yote. Kwenye kioo kidogo kama kile ukungu wa mikono hauonekani. Magreti aliongea muda mrefu. Mwishoni akatulia, akatabasamu, akainua mkono upesi kuelekea usoni, mara moja tu, akacheka na kuulaza juu ya blanketi.

Fundi wetu akarudi Kilosa kupamba. Unajua mafundi video: aliweka maua pembeni, akaandika jina la mama kwa dhahabu, akaweka na muziki wa taratibu. Muziki, kwa mama asiyesikia. Nilimtania sana. Alikuwa bado anapamba habari zilipofika kwamba Magreti amefariki. Mume wa Devota alipanda Vidunda kuzika. Devota mwenyewe alizuiwa kitandani, akamlilia mama yake akiwa amelala chali.

Tulikwenda Mikumi pamoja na Fortunatus, yeye kupeleka video na mimi kutoa pole. Tulimkuta Devota ameegemea mito, tumbo limeshakuwa kubwa, malori yanapita barabara kuu na kutikisa vikombe mezani. Fortunatus akafungua kompyuta yake juu ya kiti. Uso wa Magreti ukatokea, unang'aa. Devota akalia na kucheka papo hapo, akagusa kioo. Nilijisemea moyoni, haya, angalau hili limefanikiwa.

Kisha mikono ikaanza kwenda.

Devota akasogea. Akaanza kututafsiria, kwanza kwa raha. "Anasema nile. Nisibebe maji. Hapa anasema… rudisha nyuma, kaka. Hapa anasema mvua, au shamba." Pale mama alipokwenda taratibu aliweza kusoma. Pale alipochangamka, mikono iligeuka moshi mweupe, ikapotea upande mmoja na kutokea upande mwingine. Mama anayezungumza na mwanawe huchangamka, kwa hiyo yaliyopotea yalikuwa mengi.

Tukafika kwenye jina. Picha moja, mkono uko kwenye blanketi. Picha inayofuata, kuna doa refu lililofifia kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso. Picha ya tatu, mkono unashuka na Magreti anacheka. Basi.

"Punguza mwendo," Devota akasema.

Akapunguza. Doa lilikaa muda mrefu zaidi, lakini lilikuwa doa lilelile. Alikuwa na programu nyingine ambayo hubuni picha za katikati pale zilipopungua, akaijaribu. Kompyuta ikatengeneza mkono wenye vidole saba unaoelea karibu na sikio. Aliifunga haraka, lakini Devota alikuwa ameshauona.

Tukampigia Tumwagile. Alikuwa jikoni, hakuona kitu. Alituomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

"Kaka Fortu," Devota akasema polepole. "Wewe ulikuwepo mbele yake. Mkono ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa naangalia kioo," akajibu. "Nilikuwa naangalia uso usiwe na giza."

"Na wewe uliniambia alikupa jina. Alikuitaje?"

Fortunatus akakunja ngumi, akaiweka jichoni, akafumba jicho la pili. Mtu mzima na mvi zake, amekaa vile mbele ya mjamzito aliyefiwa.

"Lako unalikumbuka," Devota akasema. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Alipofumba macho kidogo kwa uchovu, nilimvuta Fortunatus hadi nje na kumwambia lililokuwa moyoni mwangu. Nilimwambia adanganye. Mwambie ni shavuni, vidole viwili shavuni, umekumbuka sasa hivi. Nani atakuja kumsuta? Aliyejua yuko kaburini. Mtoto atapata jina, mama yake atapata usingizi, na Mungu ni mwingi wa rehema. Mpaka leo naona sikukosea.

Alisimama ukutani muda, kisha akaingia. Nikamfuata. Alikaa, akaanza kuinua mkono kuelekea shavuni. Devota alifumbua macho, akanyanyua kichwa kwenye mto, na mkono wake mwenyewe ukaanza kupanda ukiufuata ule wa Fortunatus, taratibu, kama mtoto anayefundishwa. Sijawahi kuona mtu ana njaa vile usoni.

Fortunatus akashusha mkono.

"Sikumbuki, mdogo wangu," akasema. "Sikuona."

Njia nzima hadi Kilosa sikumsemesha. Nilimwona mjinga na mkatili, nikamhurumia pia, na vyote vitatu ninavyo hadi sasa.

Tangu siku ile anarekodi picha hamsini kwa sekunde, popote, hata ukumbini penye taa moja. Mikono inaonekana, miguu inaonekana, ukirusha mchele unahesabu punje. Nyuso ndizo zinazotoka kama zimepakwa masizi. Maharusi wanakuja kulalamika, shangazi hajioni, na siku hizi wanakwenda kwa kijana mmoja wa karibu na stendi. Rafiki zake wanamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nawaambia waje wamwambie mke wake. Hata taa za kuongezea mwanga nilimshauri anunue, akasema mwanga si tatizo lake. Amekonda. Kuna siku nasikia kupitia ukutani ule muziki wa taratibu, na najua ameifungua tena ile picha ya pili kati ya tatu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Baba yake akamwandikisha Brayan. Mwezi uliopita Devota alikuja Kilosa, akanipitia nimsuke. Alinipa shikamoo nikaitikia marahaba, mtoto akakaa sakafuni anachezea vitana vyangu. Devota alipotaka kumwita alipiga makofi, mtoto akageuka. Nikavumilia mpaka nikafika mstari wa katikati ya kichwa, ndipo nikauliza. Mbona usimpe wewe mwenyewe jina la mkono? Alama za mama yako unazijua zote. Chagua moja nzuri, mtoto akue nayo.

Upande wa pili wa ukuta kiti kilikwaruza sakafu, kikatulia.

Devota alimtazama mtoto pale sakafuni.

"Jina analo, mama," akasema. "Alishapewa na bibi yake. Ila hakuna wa kumwita."