Nta Kwenye Viatu vya Matairi

Viatu vyangu vya matairi niliachiwa na binti wa Kihindi, jirani yetu wa Kanyenye mjini Tabora, siku familia yake ilipofunga duka na kupanda treni ya Dar es Salaam wasirudi tena. Vilikuwa vya kutelezea, vya chuma, vya kufunga kwa mikanda juu ya viatu vya kawaida, na magurudumu yake yalikuwa yameliwa upande mmoja. Vikipita sakafuni, kelele yake ya kuamsha wafu. Mama alikuwa akiniuliza, "Hivyo vitapika ugali?" Nafunga mikanda, natoka zangu.

Nilikuwa najua kuteleza, nisiseme uongo. Najigamba? Ndiyo, najigamba, sina kingine cha kujigambia. Sakafu za maana zilikuwa mbili tu: baraza la lile duka lililofungwa, na jukwaa la stesheni wakati treni haijaingia. Hapo stesheni ndipo bwana mmoja wa utamaduni aliponiona. Alikuwa anaandaa halaiki ya kuwachezea wageni wakubwa, na alitaka msichana wa kutangulia na bendera. Kuteleza kwangu kulimpendeza, viatu vilimkera. "Vinapiga kelele, tena kona havikati," alisema. "Vitengeneze. Jumamosi asubuhi uje hapa hapa na wenzako, nichague mmoja."

Atakayechaguliwa angekaa bweni mjini na kuendelea na shule. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Baba alikuwa fundi baiskeli, akifanyia kazi barazani kwa yule Mhindi. Jengo lilipochukuliwa na serikali, akakatazwa kupanga vyuma vyake pale, na siku hizo mtu asiye na kazi ya kueleweka mjini alikuwa anapelekwa kijijini akalime. Balozi wetu wa nyumba kumi alikwisha kulisoma jina la baba mbele ya watu. Lori letu la kwenda Usinge lilikuwa Jumamosi hiyo hiyo, mchana. Shule ya huko, tuliambiwa, inaishia darasa la nne. Mimi nilikuwa la sita.

Baba hakuwahi kushika viatu vya matairi, lakini alisema gurudumu ni gurudumu. Madukani hakukuwa na kitu, hata sabuni ukiuliza unachekwa. Akatafuta mninga, akaukereza kwa rafiki yake seremala, yakatoka magurudumu mapya, mviringo safi. Katikati akapachika vile vikombe vya chuma vya zamani vya kushika gololi. Gololi zenyewe zilikuwa zimekwisha kabisa, basi akafungua baiskeli yake na kutoa za gurudumu la mbele.

"Baba, na wewe utaendea nini huko kijijini?"

"Nina miguu, mwanangu."

Chini ya bamba la kukanyagia akaweka raba mpya aliyoikata kwenye tairi la gari, ili nikiinamisha kifundo cha mguu, kiatu kifuate. Kikafuata! Kona niliyokuwa naikata kwa kujikokota, sasa nikiiwaza tu imekatika.

Kilichokosekana ni grisi. Hapo baba akafanya jambo ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Babu alikuwa mrina asali porini, na kwetu nta ni dawa ya kila kitu: uzi wa kushonea unapakwa nta, ngozi ya ngoma inapakwa nta, mpini ukilegea ni nta, mtungi ukivuja ni nta. Baba akayeyusha bonge zima kwenye mkebe juu ya jiko la mkaa, akaimimina katikati ya gololi ikiwa bado inachemka. Jioni ile ile, magurudumu yakiwa na joto la jiko, niliteleza barazani bila sauti. Mama mwenyewe alitoka kutazama. "Loo," akasema, "kumbe!" Nililala mtu wa mjini.

Kilikuwa kipupwe, na asubuhi za Tabora wakati huo zinauma masikio. Pale stesheni wenzangu walikuwa wanajikunyata ndani ya khanga za mama zao. Jina langu likaitwa. Nikafunga mikanda, nikashika bendera, nikajisukuma. Hakuna gurudumu lililozunguka. Hata moja. Nikaenda kifudifudi, bendera chini yangu. Nta ilikuwa imeganda usiku kucha, imezikamata gololi zote.

Baba alikuja mbio, akapiga magoti mbele za watu, akanifungua mikanda. Kiatu kimoja akakitia kwapani kukipasha joto, kingine akawa anakipulizia pumzi ya mdomo na kuyasugua magurudumu kwa viganja. "Ndugu yangu, ngoja jua lipande kidogo," alimwambia yule bwana. "Ni nta tu. Jua likipanda yatazunguka."

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningemchukia nikapumzika. "Mzee," alisema taratibu, "halaiki haiwezi kungoja jua." Akamwita msichana mwingine. Huyo alikimbia kwa miguu yake mitupu, vizuri tu, akachukuliwa. Baba bado alikuwa anapulizia. Nilitaka kumwambia inuka baba, watu wanatutazama. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema. Wa kwetu hata mimba haikushika.

Mchana tulipakiwa kwenye lori pamoja na masufuria, magodoro na baiskeli. Jua lilikuwa kali, limetulalia vichwani. Viatu nilikuwa nimevipakata. Nikagusa gurudumu moja kwa kidole. Likazunguka. Likazunguka, likazunguka, kama halina habari ya kusimama. Baba aliliona. Aligeuza uso akatazama miti.

Kijiji chetu kilikuwa mchanga na visiki. Sakafu ya simenti haikuwapo, hata ofisini. Nilimwomba baba azirudishe gololi kwenye baiskeli yake, akakataa katakata. "Hizo zako. Siku ukirudi mjini kusoma utazihitaji." Basi zahanati akawa anaenda kwa miguu, mashine ya kusaga kwa miguu, mpaka magoti yakamshinda. Baiskeli iliegemea ukuta huu, viatu vilining'inia ukuta ule. Mjini sikurudi.

Kila siku kabla jua halijapoa alikuwa ananiuliza, "Yanazunguka?" Navitungua, nagusa kwa kidole.

"Yanazunguka, baba."

"Haya, vizuri."

Aliniuliza mpaka naolewa. Nilipokuja kumuuguza, hawezi tena hata kukaa, akaniuliza vile vile. Nikavitungua, nikagusa. Yalikuwa yanazunguka kweli. Afadhali yangekataa.