Komisere Matope na Buti za Etiene

Siku yangu ya kwanza kwenye redio moja ya hapa Bunia, mkurugenzi wa vipindi hakuniuliza diploma. Bahati nzuri, sina. Aliuliza: «Unajua kuandika mutu mwenye atafanya watu wabaki nyumbani mangaribi?» Nikasema ndiyo.

Kazi nilijifunza peke yangu, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, juu ya mpelelezi wa Ulaya anayetazama viatu vya mtu na kujua alikotoka. Aliyemtunga alikufa zamani. Mpelelezi, nasikia, bado anaandikiwa barua. Nikatunga wetu, Komisere Matope. Mwigizaji mzee alimpa sauti. Fundi mitambo alitikisa mchele kwenye karai, ikawa mvua. Kila ukurasa niliuandika mara sita. Baada ya mwezi, mtaani kwetu hakuna aliyesalimiwa kabla ya kutazamwa viatu.

Katika kipindi cha saba Komisere alimnasa mwizi kwa tope jeupe: «Tope hii iko ya Bambu tu.» Nakiri: sijawahi kufika Bambu, huko kwenye machimbo ya dhahabu. Tope lile nililibuni.

Wiki iliyofuata mkanda wa mashine ya kusaga unga uliibwa. Mlinzi, Etiene, aliyekimbia vita Djugu na kuishi katika kambi ya wakimbizi, alikutwa na tope jeupe kwenye buti. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu na mwenye mashine, akamfukuza kazi: eti amekwenda kuuza mkanda Bambu. Nilimkimbilia.

«Shefu, tope ile ni uongo yangu. Na buti zile, kambini wanazivaa watu wane, kila mutu na zamu yake.»

«Weye ni nani?»

«Ni mimi naandikaka Komisere.»

Alicheka mpaka akashika kiti. «Mutoto, Komisere anaandikwa? Ule muzee iko na akili kukupita. Lundi Etiene anaenda polisi.»

Nikaandika kipindi kipya. Mkurugenzi alikisoma akasimama: «Komisere hakosaka! Ukimukosesha, unatoka.»

Nikamkosesha; kurasa nilimpa mwigizaji mwenyewe mkononi. Jumapili Komisere alisema kwa sauti yake nzito: «Nilikosa. Tope haina kwao. Muulize kwanza nani alivaa buti.»

Lundi hiyo, Jumatatu asubuhi, shefu alimrudisha Etiene mashineni. Saa nne mimi nilikuwa nje. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka ishirini na sita.

Wadogo zangu mnaoitaka kazi hii, sijui niwaambie nini. Nilipodanganya, waliniamini kwa sababu ya sauti yake. Niliposema kweli, nilihitaji sauti ileile.

Juzi Etiene alikuja na jogoo. «Kaka, weye ulitumika kazi redio. Komisere anakaa wapi? Nataka kumushukuru.»

Nikampokea jogoo. «Alisafiri. Nitamupatia.»

Jogoo yuko uani. Anawika kila asubuhi, nami sijui nimchinje kwa haki ipi.