Bingwa Aliyepiga Jicho la Ng'ombe

Enzi zetu hatukuwa na simu za kutazamia watu wakilenga shabaha. Tulikuwa na Umau, babu yetu, naye alitosha, maana hakunyamaza.

Kabla baba yetu hajazaliwa, Umau alikuwa askari aliyeshindana kulenga kwa bunduki. Alishinda mpaka akapewa kikombe cha fedha. Nyanya alikigeuza kipimo cha kunde, akisema kikombe chenye masikio mawili hakifai uji wa mtu mmoja.

Wazungu waliita kile kiduara cheusi cha katikati ya shabaha jicho la ng'ombe dume. Umau akarudi kijijini kwetu Tulia, akatangaza sokoni, "Nimempiga ng'ombe wa Wazungu jichoni, wakanipigia makofi." Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka apite karibu na zizi lake. Alipokwenda kumposa nyanya, babake nyanya alimwambia, "Ng'ombe wa mahari walete, kijana, lakini waje na macho yote mawili."

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule darasa la tano, nikabaki na wadogo zangu watatu na shamba la mawele. Baba mdogo alisema ghala lisipojaa atatugawa: mmoja aende Mwingi, wawili waende Kiboko, na mimi niolewe. Mawele yalipoanza kukomaa, kwelea, wale ndege wala nafaka, wakashuka kama wageni wa harusi wasioalikwa.

Tukamkimbilia bingwa, tukampa manati. Umau akalala kifudifudi kama alivyofundishwa jeshini, akafumba jicho moja, akashusha pumzi. Jiwe likapita juu ya mawele yote, likaangukia ndani ya sufuria jikoni.

"Bingwa," nyanya akasema bila kuinuka, "umeupata uji."

"Karatasi ya jeshini ilikuwa inatulia," Umau akajitetea.

"Basi, Umau," akasema Mutua, kitinda mimba wetu, "waombe ndege watulie."

Umau akanuna. Kesho yake alichukua mfuko mweupe wa unga, ule wa kitambaa, akauchora duara kubwa jeusi kwa masizi, akautundika katikati ya shamba ili afanye mazoezi. Hakuupiga hata mara moja. Lakini upepo ulipoutikisa, kwelea waliona jicho kubwa likiwakodolea, wakahamia kwa jirani.

Jirani akaja amekasirika. "Mzee, umewafanya nini hawa ndege?"

"Ni jicho la ng'ombe," Umau akajibu, kifua mbele. "Nilikwambieni zamani."

Tulivuna. Baba mdogo alichungulia ghalani, akakohoa, akaomba maji ya kunywa. Habari ya Kiboko hatukuisikia tena.

Siku hizi mjukuu wangu huangamiza jeshi zima kwenye simu kabla ya chai, kisha huuliza nani atakwenda kufukuza ndege. Huwa ni mimi. Desemba wadogo zangu huja, mvi tupu, wakagombania kile kikombe, nami nawaambia kina kazi, kinapima kunde. Tunakula pamoja, sote wanne. Vijana wa leo hulenga vizuri, sikatai. Ila sijaona hata mmoja anayeweza kukosa kama Umau.