Jina Lililobaki Kijijini

Matebello hakuwahi kumzaa Tebello. Jina hilo, yaani Mama Tebello, alipewa siku alipoolewa, kama wanavyofanyiwa maharusi wote huku milimani Lesotho. Wakwe humwita bibi arusi mama wa mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia, kisha ukoo mzima hukaa ukimngoja mtoto aje kulichukua jina lake. Tebello lilikuwa jina la mama mkwe. Bibi kizee akangoja, akachoka, akafa. Mume akaenda migodini, akarudi na kifua kibovu, akafa naye. Jina likabaki na mwanamke, mwanamke akabaki na jina.

"Mama wa upepo huyo anapita," Mapoloko alizoea kusema, kwa sauti ya kutosha kusikika ng'ambo ya bonde. Mapoloko alikuwa mke wa shemeji yake, na uwanja wake ulijaa watoto.

Ndipo akaja Maren. Alitoka Denmark kujitolea kufundisha hesabu katika shule ya msingi, na chifu akampeleka kwa Matebello kwa kuwa hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na chumba kitupu. Mgeni hakai kijijini bila jina la kijijini. Jioni ile Matebello alimpa uji wa mtama, akamtazama akiupuliza, akasema, "Wewe ni Tebello." Maren akacheka, akalirudia vibaya, mwisho akalipata.

Tangu hapo watu walipomwita Matebello waliita mama wa mtu.

"Matebello, mwanao kasahau koti shuleni!"

"Matebello, mwambie Tebello farasi wangu si gunia, asimkalie hivyo!"

"Mtoto huyu atanizeesha," alijibu akikunja uso, na mdomo unamcheza kwa raha. Alimfundisha kubana blanketi begani, kukandika sakafu kwa samadi, kula kwa mkono bila kujipaka. Maren alipougua homa, Matebello alikesha akimuuguza. Mapoloko naye alipunguza maneno, ila siku moja kisimani yalimtoka: "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Muda wa Maren ulipokwisha, Matebello hakulia. Alijiambia kwamba mtoto kwenda mbali si ajabu. Migodi imemeza vijana wa watu miaka nenda miaka rudi, na mama zao wanaitwa vilevile. Alichotaka ni hicho tu, aendelee kuitwa vilevile. Akamtoa kondoo wake wa pekee mwenye mafuta ili mtoto aagwe kama anavyoagwa mtoto wa mtu.

Usiku haujaingia, shemeji yake akapiga hodi. Mwanawe wa kiume alikuwa ameoa, na bibi arusi bado hajachinjiwa kondoo wa kumwingiza katika ukoo. "Nyama ni nyama, shemeji," alisema. "Tumuage mmoja, tumpokee mwingine. Mkono uleule." Matebello akakubali. Angewezaje kukataa?

Siku ya kuaga, watu walijaa uwanjani. Bibi arusi alikaa mkekani, blanketi limemfika kidevuni, macho chini. Maren alikaa kitini karibu na chifu, amevaa gauni la Kisotho alilolishona Matebello kwa mkono. Pombe ilipozunguka, Mapoloko akasimama.

"Tebello, mwanangu, umetufundishia watoto. Unaondoka, sisi tubaki na nini? Utatuachia jina lako? Huyu msichana akizaa binti, tumwite Tebello?"

Kisotho cha Maren kilimtosha kuelewa hapo, hakikumtosha zaidi. Alielewa kwamba mtoto atapewa jina lake. Machozi yakamtoka.

"Ni heshima kubwa mno," alisema. "Ndiyo. Ndiyo!"

Vigelegele vikapaa. Shemeji akamlisha bibi arusi kipande cha nyama, akatangaza, "Kuanzia leo wewe ni Matebello. Tuletee Tebello."

Matebello alikuwa kwenye sufuria, upawa mkononi. "Tebello yupo," alisema. "Huyu hapa."

"Huyu?" Mapoloko akageuka. "Dada, huyu anapanda gari sasa hivi. Kwao ana mama. Tebello, mwanangu, mama yako anaitwa nani?"

"Bente!" akajibu Maren kwa furaha. "Anawasalimu nyote!"

Walicheka mpaka mzee mmoja akajimwagia pombe.

"Usininunie, dada," alisema Mapoloko, akijipangusa macho. "Jina ni la ukoo, wewe umelikalia kama kuku aliyeatamia mawe. Waachie wenye mayai."

"Basi huyu wa zamani tumwiteje?" akauliza mwanamke mmoja.

"Nyumba yake si iko juu? Mwiteni Wa Kule Juu."

Chifu alitazama bakuli lake. Chifu akinyamaza, neno limepita.

Gari la kumchukua mgeni likafika. Maren alikumbatia watu wote, kisha akamjia Matebello na mikono wazi. "Mama..."

"Mimi si mama yako," alisema Matebello, akirudi nyuma hatua moja. "Mama yako yule pale, mkekani. Nenda kamuage."

Alitaka limchome. Lakini Maren alidhani anakumbushwa adabu, kwamba bibi arusi naye aagwe. Akaitikia kwa kichwa, akakimbia, akamkumbatia yule msichana kwa nguvu, akambusu kichwani. Dereva akapiga honi. Ikawa ndiyo basi.

Gari lilipopinda kuteremka, Maren alitoa kichwa dirishani. "Kwaheri, Matebello! Kwaheri!"

Mapoloko akamfinya bibi arusi. "Itika, unaitwa." Msichana akainua mkono, akaupunga kwa haya. Mkono wa Matebello ulikuwa umekwishafika usawa wa bega. Akaupitisha kwenye kitambaa cha kichwa, akalikaza fundo ambalo halikuwa limelegea, akarudi kukwangua sufuria.

"Wa Kule Juu!" mtu aliita kutoka kwa wanywaji. "Nyama imebaki?"

Alikwangua.

"We, Wa Kule Juu! Hatusikilizani? Imebaki?"

"Imebaki," alisema, akawapelekea.