Chokaa ya Sikukuu ya Mavuno

Kanisa letu la jijini Saint Paul, huku ughaibuni, lilikuwa la mawe ya kijivu, limejengwa zamani na wahamiaji wa kizazi kingine. Wazee wao wachache waliobaki walitukaribisha tulitumie, Watanzania na Wakongo, kwa sharti moja. Jengo lilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kale yanayolindwa, hivyo upande wa nje usiguswe bila kibali cha jiji. Tukiuharibu, tunatoka.

Karani wa usharika nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekuja kusoma, nikapata kazi ya ofisini Golden Valley, na sitaficha kwamba nilijiona. Barua ya masharti niliisoma kwenye matangazo kwa Kiswahili kilichonyooka: "Hairuhusiwi kubadilisha sura ya jengo." Watu wakaitikia amina. Nikakaa nimeridhika.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno, nilifika na maboga yangu nikakuta ukuta wa mbele mweupe pe, kuanzia chini hadi pale ngazi ilipoishia. Juu ya ngazi alikuwa mwenyekiti wa akina mama, bibi wa Kikongo aliyekwisha kupita miaka sabini, kitenge kiunoni, brashi mkononi. Chini yake wenzake walikuwa wanakoroga chokaa na chumvi kwenye ndoo, wakiimba.

"Mama, si nilitangaza tusibadilishe?"

"Kubadilisha ni wapi, mwanangu? Tunaiogesha tu. Sikukuu ikute kanisa iko chafu? Hapana, vraiment!"

Hata kwetu Dodoma, sikukuu ikikaribia, mpaka mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa. Nilichojua ni kwamba majirani wa pale hawakulelewa hivyo. Kweli, mmoja wao akapeleka habari jijini, na Jumanne barua ikaja: afisa wa majengo ya kale angefika Alhamisi kukagua, na ruhusa yetu ingetegemea atakachokuta. Usharika ukafunga na kuomba. Mimi nilikosa raha kabisa, maana hatukuwa na pengine pa kwenda.

Afisa alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti za kazi. Kabla hajafungua mdomo nikajitia kimbelembele. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba hawa ni wakimbizi, ni wazee, masharti hawakuyaelewa, mimi niliwaambia. Bibi alikuwa amesimama karibu yangu. Nilisahau kwamba alikuwa akiwahudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee huko Richfield mwaka wa nne sasa, na Kiingereza anakisikia.

"Nilielewa," alimwambia afisa, kwa Kiingereza cha polepole. "Karani alisema vizuri. Mimi ndiye nilipaka. Niambie namna ya kutoa, nitatoa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa akakwaruza ukuta kwa ukucha, akanusa, akauliza ni rangi gani. Bibi akamtajia: chokaa, maji, chumvi. Afisa akacheka kwa sauti! Alisema angekuta rangi ya dukani angetufungia mlango siku hiyohiyo, kwa sababu inaziba mawe yasipumue. Chokaa hii mbichi ingetoka kwa maji na brashi laini, bila mashine. Akatupa wiki mbili tuitoe.

Tulisugua. Kwaya ilisugua, mchungaji alisugua, watoto walirushiana maji wakipiga kelele, "It's so cold!" Mimi nilisogea kwa bibi nikamwomba msamaha. Nilimwambia niliwaonea aibu yeye na wenzake, na sasa najionea aibu mwenyewe.

"Bon," alisema. "Sugua hapo chini, mgongo yangu haifiki."

Afisa aliporudi, alizunguka jengo mara mbili, akasema tunaweza kukaa. Akatoa fomu, akataka mtu mmoja wa kuwajibika kwa kuta hizo, atakayepigiwa simu. Watu wote wakanigeukia kwa mazoea. Nikamwelekeza kwa bibi.

Wakaenda pamoja kando ya ukuta, afisa akionyesha nyufa, bibi akizipapasa kwa vidole na kuuliza maswali. Walikaa huko karibu saa nzima. Mimi nilibaki na ndoo yangu mlangoni, nikingoja kuitwa nitafsiri, na hakuna aliyeniita.