Mlango Ambao Hakuna Aliyetaka Kuonekana Akiuingia

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza kwa swali la cheti. Kituo kilikuwa vyumba viwili mtaa wa Iftin, hapa Garissa, nyuma ya duka la vitambaa. Mkurugenzi, mwanasaikolojia mzaliwa wa Griftu, alikuwa bado anafungua makatoni ya viti.

"Una cheti gani?"

"Sina. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki. Nina wadogo watano niliowalea."

"Wakigombana ulikuwa unafanyaje?"

"Nanyamaza mpaka kila mmoja amalize. Halafu nauliza nani ana njaa."

Alicheka. "Kaa hapo mapokezi. Hii kazi uliianza zamani."

Nilikaa hapo mpaka nilipostaafu. Mkurugenzi alifanya unasihi, yaani kukaa na mtu aliyelemewa na kumsikiliza kwa utaratibu mpaka aione njia yake mwenyewe. Mimi nilipokea wateja na kukitangaza kituo. Vijana mnaofungua vituo leo mnaniuliza hiyo ya pili niliifanyaje. Niliianza kwa kukosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kibao. Tuliandika "Afya ya Akili" kwa rangi ya kijani, na vijana wa duka la simu la jirani wakapata mchezo. Mwanamume akikaribia tu, wanapaza sauti: "Warya, wewe bwana, unaenda kwa waalan? Tulete kamba?" Waalan ni mwendawazimu. Mwezi ule waliingia watu wawili, na mmoja wao alikuwa anamtafuta fundi cherehani. Tukakifuta kibao.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Mama mmoja alikuja kwetu akiwa hawezi kulala wala kula, na baada ya miezi michache nikamsikia akicheka mle chumbani. Nilisimama na birika mkononi. Nikamwomba ruhusa nieleze habari yake redioni bila jina. Akakubali. Nikaandika umri wake, upande anakotoka na msiba uliompata. Jina sikulitia.

Tangazo lilitoka asubuhi. Kufikia adhuhuri nilipita sokoni na kusikia wanawake wakimhesabu: ni mke wa nani, binti wa nani, mpaka kwa babu yake. Hapa kwetu, mpe mtu mambo matatu tu, jina atalipata mwenyewe. Mama yule akaacha kuja. Nikajua kwamba asiporudi, usingizi wake utapotea upya, na nitakuwa nimeupoteza mimi.

Nilimwambia Mkurugenzi nataka kupeleka haal, ile fidia ambayo wazee wa upande wako humpelekea uliyemvunjia heshima. Baba sikuwa naye, lakini ningewaomba majirani.

"Ukifika kwake na wazee," akasema, "mtaa mzima utauliza kosa lilikuwa nini. Utamtangaza mara ya pili."

Sikuwa nimeliona hilo. Dawa tuliyoizoea ilikuwa ndiyo sumu.

Mama yule alikuwa akileta maziwa ya ngamia mjini kutoka upande wa Balambala. Basi nikawa mnunuzi. Kila asubuhi nilinunua, nikasalimu kama wengine, nikaondoka. Wiki ya tatu akaniangalia.

"Abaayo, dada yangu, maziwa yote haya unakunywa peke yako?"

"Wadogo zangu wameanza kunikimbia."

Midomo yake ilitaka kucheka. Wenzake walikuwa mbali kidogo. Nikainama karibu na dumu. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Jina langu hukulisema."

"Nilisema yote yaliyobaki."

Alijaza chombo changu polepole. "Wanawake watatu wameniuliza mlango wenu ni upi," akasema. "Na wao wanaogopa kuonekana."

Nililipa, nikaondoka. Jumatatu iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye kibaraza chetu na madumu yake, kama amekaa hapo miaka. Mwanamke akiingia uani, machoni pa wapita njia amekuja kununua maziwa. Akichelewa kutoka, amekaa kupiga soga. Vijana wa simu wenyewe walinunua, wakasahau kamba yao. Na mama mwenyewe, wanunuzi wa maziwa wakipungua, alikuwa akijifuta mikono na kuingia chumbani kwa Mkurugenzi.

Subhanallah. Mtu niliyemvua nguo hadharani ndiye aliyewashonea wengine pazia. Sijaona tangazo lililolishinda hilo, na hatukuliandika sisi.

Usihangaike kumtafuta. Kama aliuza maziwa au kitu kingine, kama alitoka Balambala au kwingine, mambo hayo nimeyabadilisha. Nilishajifunza.

Sasa nimestaafu, na bado nina sheria moja. Nikikutana na mtu niliyewahi kumpokea, simsalimu kwanza. Napita kama sijamwona, na wengi hupita hivyo hivyo. Mwezi uliopita, kwenye harusi, katikati ya wanawake wengi, mmoja wa niliowapokea alinishika mkono akageukia dada zake.

"Huyu ndiye," akasema.

Hakusema ndiye nani. Dada zake hawakuuliza. Walisimama mmoja mmoja wakanipa mkono, nami nikawapokea kwa mikono miwili.